"Muziki haiko kazi"? Tumsikilize kwanza yule wa violonseli

Katika nyumba nyingi za Kalemie maneno ni yale yale. Mtoto amemaliza sekondari, ao ameiacha njiani juu minerval ilikosa, na kila jioni anapiga gitari ku koro ya kanisa. Baba anarudi kutoka Kisengo ao Nyunzu, magoti yanamuuma, anamutazama na kusema: "Muziki haiko kazi. Kesho tunaenda wote ku shimo." Mama ananyamaza. Sisi tunaoandika hapa tumelelewa na neno hilo. Tunajua halitoki katika roho mbaya, linatoka katika njaa. Lakini leo tunataka kulijibu.

Tuchukue chombo kilicho mbali kabisa na mashimo yetu: violonseli. Ni ndugu mkubwa wa violoni. Mwenye kukipiga anaketi, anakiweka kati ya magoti, kina nyuzi nne na upinde wa singa za farasi. Sauti yake inashuka chini kama ya mzee, tena inapanda kama ya mama anayeimba. Ni mambo ya Wazungu, mtasema. Haya, twende Sebokeng.

Sebokeng ni mji wa watu weusi kusini ya Johannesburg, upande wa viwanda vya chuma. Abel Selaocoe alikulia huko. Baba yake alikuwa fundi wa magari, mama alifanya kazi katika nyumba za watu. Kaka yake ndiye alimuvuta kwenye muziki, na wote wawili walikuwa wakisafiri mpaka Soweto kwa masomo. Kisha akapata bourse ya shule kubwa ya Johannesburg, na baadaye akaenda kusoma Manchester, Uingereza, katika chuo cha muziki kinachoitwa Royal Northern College of Music. Alijifunza Bach polepole, nota moja moja, kama wanavyojifunza wote.

Lakini hakubakia pale. Leo anapiga Bach, na katika tamasha ile ile anaimba kwa lugha za kwao, anagonga mbao ya violonseli kama ngoma, na kutoa sauti ile nzito ya kooni inayojulikana kwa wamama wa Kixhosa. Na wenzake wawili ameunda kundi la Chesaba. Mwaka 2022 alitoa albamu yake ya kwanza kubwa, Bach na nyimbo zake mwenyewe zikikaa pamoja. Mfaransa Vincent Segal naye, mwana wa konservatwari, aliketi Bamako na Ballaké Sissoko mupiga kora, na mwaka 2009 ikatoka albamu ambayo huwezi kusema hapa ni Ulaya, hapa ni Mali.

Wengine watasema watu hawa wanachanganya tu. Hapana. Wanaweza kuvuka juu walijifunza kitu kimoja mpaka chini kabisa. Creuseur anaelewa jambo hili kuliko profesa. Yule aliyejifunza kuosha kasiterite huko Manono, umupeleke ku dhahabu, hapotei: mikono yake inajua uzito wa mchanga na mwendo wa maji. Lakini yule aliyepita kila shimo siku mbili mbili, mikono yake haijui kitu.

Mtasema tena: Afrika ya Kusini ni nchi tajiri. Basi turudi kwetu. Kinshasa kuna Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Yeye alikuwa rubani wa ndege, kazi ikamupotea, akaanza orkestra. Ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule aliyekamatwa 1921 na kufungwa huku kwetu Katanga, mpaka akafia Elisabethville mwaka 1951. Mwanzoni violoni zilikuwa chache, watu wanapokezana: wewe umalize, nami nishike. Uzi ukikatika, walitia waya wa breki ya baiskeli. Vyombo vingine walivichonga wao wenyewe. Katika filamu Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 unamuona mama mmoja anayeuza omeleti sokoni tangu alfajiri, halafu jioni anashika violonseli. Mwaka 2014 orkestra hiyo ilienda kupiga Uingereza.

Hatutaki kudanganya mtu. Violonseli haikumuondoa mama yule sokoni. Wengi wa orkestra ile wanaishi kwa kazi nyingine, na mtoto wetu akijifunza solfeji leo hatalipa nyumba kesho. Lakini shimo nalo linatulipa namna gani? Bei ya coltan ikianguka, nani anatuuliza? Tulizika vijana wangapi udongo ulipowashukia? Tunapopima kazi mbili, tuzipime kwa mizani moja.

Na pesa ya kuanzia si ndoto. Kanuni ya Migodi ya mwaka 2018 inalazimisha kampuni kubwa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka, tena inaweka cahier des charges ambamo wenyeji wanasema wanataka nini. Kila mara tunaandika kisima, shule, kituo cha afya. Ni vizuri, maji kwanza. Lakini shule ikijengwa, mstari mmoja uongezwe: mwalimu wa muziki, gitari kumi, violoni tano, na violonseli moja watoto wapokezane kama Kinshasa. Tunaomba wale wanaotukalia katika mikutano hiyo wasione haya kuusoma mstari huo kwa sauti.

Na wewe, Papa, kabla ya kumuchukua mtoto Kisengo, bakia Kalemie Jumapili moja. Ukae ku benchi ya mbele, usikilize anavyopiga.