Tusiweke Cherehani Rehani kwa Sababu ya Kamera

Jamani, nimechoka! Wiki ya 3 sasa kikundi chetu hakina hadithi nyingine ila kamera. Tuko watu 3: mmoja anapiga picha, mmoja anashika maikrofoni, na mimi, niliyeishia kidato cha 4, ndiye mwandishi. Washikaji wanataka Sony FX3. Akiba yetu haifiki hata nusu ya bei, basi mmoja anasema eti cherehani ya mama yake iwekwe rehani. Cherehani hiyo hiyo iliyomlipia ada!

Sisemi FX3 ni mbovu. Ilitoka mwaka 2021 kwa karibu dola 3,900, na kwa kweli inawafaa watu wachache. Mwili wake haufiki kilo 1, inaona vizuri gizani, ina feni ya kupoza joto, na mpini wake una matundu mawili ya XLR ya kuchomeka maikrofoni za kikazi. Lakini ndani haina kioo cha kupunguza mwanga. Jua la Dar la saa saba mchana, mpiga picha anahangaika kufunga na kufungua vioo mbele ya lenzi, nani amsaidie? Mimi ninayezuia watoto wasipite mbele ya kamera? Tena lenzi, kadi na betri za akiba, vyote vina bei yake pembeni.

Nikisema hivyo, wananitajia The Creator, filamu ya Gareth Edwards ya mwaka 2023 iliyopigwa kwa FX3. Ala! Bajeti yake ilitajwa kuwa dola milioni 80! Mbona hawaitaji Tangerine ya Sean Baker, ya mwaka 2015, iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s? Picha ni za simu, sawa, lakini sauti ilikuwa na fundi wake.

Hapo ndipo penye kidonda. Filamu yetu ya kwanza tuliionyesha kwenye banda la video mtaani. Picha safi kabisa. Lakini ngurumo za bodaboda zilimeza maneno yote ya mama anayefukuzwa nyumbani, watu wakacheka pale nilipoandika ili walie. Nikalia mimi. Kamera mpya ingetuonyesha midomo ile ile isiyosikika, ila ing'ae zaidi.

Nasema hivi: kamera ya kikundi kidogo ni ile inayotubakizia pesa ya maikrofoni nzuri, kinasa sauti na nauli. Anayebisha, tukodi hiyo FX3 siku moja tu. Tupige ukurasa mmoja wa hadithi yangu kando ya barabara, saa saba mchana, sisi watu 3 bila msaidizi. Ikitushinda, mjadala umekwisha. Ikitufaa, nitaomba radhi mbele ya wote, kisha tuendelee kuchanga taratibu mpaka itimie.

Cherehani ya mama iachwe ilipo.