Chombo Kinachokiri Kuwa Hakijui

Msafiri atokaye Goma kwenda Kitshanga, akiisha kuiacha Sake nyuma na kuanza kupanda milima ya Masisi kwa njia ya Kilolirwe, huingia katika nchi ambayo mawimbi ya VHF, kwa kuwa huenda moja kwa moja kama jicho lionavyo, hukatwa na kila kilima; na ndiyo sababu magari ya misaada huko aghalabu hubeba ule ufito mrefu wa antena ya HF, ambayo mawimbi yake hupaa hadi tabaka za juu za anga yakarudi chini ng’ambo ya mlima. Siku hizi redio hiyo haichukui sauti peke yake, bali imeunganishwa na modemu na kipokezi cha GPS, ili gari lenyewe, pasipo dereva kutamka neno, liipelekee ofisi ya Goma habari ya mahali lilipo.

Ninalolishitaki si chombo, ila namna kinavyopimwa. Nimeshuhudia gari likipimwa uani, injini imezimwa, redio ikiita antena iliyo umbali wa kutupa jiwe. Karani akaona nukta yake kiooni, akatia sahihi, gari likaruhusiwa kwenda. Kipimo hicho hakithibitishi kitu, maana kwa umbali ule hata redio ambayo waya wa antena yake umekatika yamkini ingesikika. Barabarani mtikisiko hulegeza skrubu ya kitako cha antena, kutu huingia chini ya rangi ikaitenga antena na bati la gari, na nguvu iliyokusudiwa kwenda angani huirudia redio yenyewe.

Tena kuna ila ya umeme, ambayo imewachosha mafundi wengi. Redio ya wati 100 inapotuma huweza kuvuta ampea 20 na zaidi, na ikiwa waya utokao kwenye betri ni mwembamba au umechakaa, volti huanguka ghafla, na modemu na GPS, zilizoning’inizwa kwenye waya ule ule, huzimika na kuanza upya. Kipokezi kilichopoteza kumbukumbu yake huhitaji dakika 12 na nusu kuisoma orodha nzima ya setilaiti. Na kabla hakijatulia, redio imetuma tena. Fundi huambiwa kuwa GPS imekufa, akaibadilisha, na baada ya siku tatu ya pili nayo “hufa.” Lau angeweka kipima volti penye plagi ya modemu yenyewe, injini ikinguruma na mwenzake akituma, angeiona taksiri iko wapi bila kununua kitu.

Hata hivyo chombo kinachonyamaza ni heri kuliko kinachosema uwongo. Katika lugha ya NMEA, ambayo vipokezi vingi huitumia, herufi A huandikwa mahali panapojulikana, na herufi V chombo kinapokiri kuwa hakijui. Modemu iliyopangwa vibaya huitupa herufi hiyo na kupakariri pale pa mwisho kana kwamba ni habari mpya, hata mtu wa Goma akaiona nukta imetulia Kilolirwe, akasema, “Wamepumzika,” ilhali gari limo mtaroni mbele ya Kitshanga. Katika nchi ambayo mji huo wenyewe uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Januari 2023, kosa hili si la ofisi tu, ni la roho za watu.

Kwa hiyo ningetaka gari lipelekwe hadi kilima cha kwanza baada ya Sake, na huko antena ya GPS ifunikwe kwa sufuria, kisha Goma iulizwe inaona nini. Nukta ikibaki pale pale, bila saa wala alama ya shaka, gari lirudi. Hila hii haizuii ishara za GPS za kughushi, ambazo Umoja wa Mataifa ulizilalamikia mwaka 2024 katika Kivu ya Kaskazini. Dhidi ya hizo hapana budi sauti ya dereva, akitaja kijiji alichofika, iendelee kuwa shahidi.

Wakubwa watasema kwamba mafuta yatapotea bure. Lakini sufuria angalau haitawagharimu: ile ya bugali ya walinzi yatosha, ikiisha kuoshwa.