Bunduki ya Babu Imekosa Majina

Katika zoezi la tafsiri nililowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, nilichagua kwa makusudi maelezo ya kazi ambayo wengi wao hawajapata kuiona: kuikusanya upya bunduki kuukuu ya kijeshi kutokana na vipande vilivyotawanyika, hata iweze kupelekwa kwenye uwanja wa shabaha kila mwisho wa juma na kupiga sawasawa. Bunduki yenyewe ilikuwa Lee-Enfield, ile waliyoibeba askari wa King's African Rifles, ambao miongoni mwao walikuwamo babu za baadhi ya wanafunzi hao. Karatasi ziliporudi, sentensi zilikuwa za Kiswahili safi, lakini kila palipotajwa kiungo cha bunduki Kiingereza kilibaki kimesimama pale pale, mfano wa mwamba maji yanapokupwa. Vitenzi vilikuwa vyetu, nomino za wenyewe.

Huenda msomaji akauliza kazi hiyo ni kazi gani. Lee-Enfield zilitengenezwa kwa mamilioni kuanzia mwaka 1895, Enfield kaskazini mwa London, Ishapore nchini India, na kwingineko. Majeshi yalipoziacha ziliuzwa, nyingine zikiwa nzima, nyingine zimekwisha kuvunjwavunjwa. Huko Marekani na Uingereza wapo watu ambao starehe yao ni kununua mtutu mahali hapa, mbao za kitako mahali pale, misumari na springi kwa mtu wa tatu, kisha wakakaa miezi wakivilinganisha. Ugumu wake ni kwamba vipande hivyo havikuzaliwa pamoja. Kiwandani kila bunduki ilipigwa nambari yake kwenye mwili na kwenye chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia humo, kwa sababu viwili hivyo vilipimwa vikiwa pamoja. Ukichukua chuma cha bunduki moja ukakitia katika mwili wa nyingine, pengine patabaki nafasi ndogo isiyoonekana kwa jicho, na nafasi hiyo yatosha kulipasua ganda la risasi mbele ya uso wa mpigaji. Katika toleo lililoitwa nambari 4, Waingereza walitengeneza vichwa vya chuma hicho kwa vipimo tofauti, kuanzia 0 hadi 3, ili fundi wa jeshi achague kinacholingana. Kwa hiyo mwenye akili timamu hafyatui kabla mtaalamu hajaipima.

Hapa kwetu jambo hilo si mchezo wa uani. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, yamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti, na kuunda au kutengeneza silaha ni kazi ya waliosajiliwa peke yao. Wala sina haja ya kuitia kutu mikono yangu. Haja yangu ni majina.

Ajabu ni kwamba pwani hii haikuwa maskini wa majina ya bunduki hata kidogo. Fungua kamusi za zamani, kuanzia ile ya Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kazi yake ilichapishwa London mwaka 1882, hadi ile ya Johnson ya mwaka 1939, uone utajiri uliokuwapo. Bunduki iliyowashwa kwa utambi iliitwa bunduki ya mrao. Iliyotoa cheche kwa jiwe iliitwa gumegume. Vijana wa leo wanalijua neno hilo kwa mwanamume asiyefaa tu, na wakiambiwa kwamba ni jina la bunduki hucheka. Kisha ikaja ya fataki, yaani kile kifuniko kidogo cha baruti kinachopigwa kikawaka. (Fataki naye amepanda vyeo vya ajabu: kutoka kwenye bunduki akaenda kwenye sherehe, na huko Tanzania kampeni moja ya redio ikamfanya mzee mwenye pesa anayewaharibu wasichana wa shule.) Bunduki iliyojazwa kwa mdomoni ni gobori au korofindo. Ufito wa kushindilia baruti ni mdeki. Mtutu uliitwa kasiba, neno la Kiarabu lenye asili ya unyasi au mwanzi ulio wazi ndani. Kisu cha mbele ni singe. Vipande vidogo vya risasi ni marisau. Kipimo kimoja cha baruti na risasi kilichofungwa pamoja kiliitwa kiasi, na sijui jina lililo wazi kuliko hilo, kwani ndani yake mna kiasi hasa, si zaidi wala si pungufu. Leo tumeyaua yote hayo tukaliachia neno risasi libebe mzigo peke yake: risasi ndiyo madini, risasi ndiyo kinachotoka, risasi ndiyo kile kizima kabla hakijatoka. Na ganda lililoanguka chini? Hilo nalo twasema ni ganda la risasi, tukashukuru kwamba tumeponea.

Kwa nini gobori lilipata majina na Lee-Enfield ikakosa? Dhana yangu ni hii. Gobori liliingia nyumbani. Lilinunuliwa, likarithiwa, likapelekwa bara na misafara, likaharibika huko na kutengenezwa huko huko. Aliyelishika ndiye aliyelijaza, akalisafisha, akamgombeza mwanawe kwa kupoteza mdeki. Mtu hawezi kugombana juu ya kitu kisicho na jina. Bunduki ya askari ilikuwa mali ya serikali. Ilihesabiwa, ikafungiwa ghalani, ikatolewa kwa amri na kurudishwa kwa amri. Hata ilipofunguliwa na kupakwa mafuta kila siku, ilifunguliwa mbele ya mkubwa aliyekuja na majina yake tayari. Kati ya vizazi viwili silaha ile ile iliyokuwa na majina mengi Mombasa ikawa na jina moja tu: bunduki.

Ushahidi wa jinsi watu walivyozijua silaha kwa mikono uko hapa kisiwani, umekaa wazi juani. Wageni wanaozuru Fort Jesus hupiga picha kando ya mizinga miwili bila kujua kwamba yote miwili ni kazi ya kuunganishwa upya. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani, Königsberg, na mwingine ni wa Pegasus ya Waingereza. Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha nayo ikafikwa na mauti yake katika maingilio ya Rufiji mwezi Julai 1915. Wajerumani wakaitoa mizinga yake 10 majini, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaiundia magurudumu katika karakana ya reli, na silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari ikaburutwa na wapagazi katika mabonde na misitu. Waingereza nao walikuwa wamekwisha kuopoa mizinga ya Pegasus wakaitia magurudumu vivyo hivyo. Wapo wapenda historia watakaosafiri kutoka Ulaya kuja kuigusa. Sisi twakaa juu yake tukila viazi vya karai.

Na mzinga wenyewe ni neno la kufundishia darasani. Maana yake ya kwanza ni gogo lililochimbwa ndani ili nyuki waingie wafanye asali. Chombo cha Kizungu kilipokuja, watu wakatazama umbo lake, gogo lenye uwazi, wakakipa jina hilo bila kuomba ruhusa ya kamati. Maana zote mbili zilikutana Tanga, Novemba 1914. Jeshi la watu wapatao 8,000 lililotoka India lilishuka pwani, na katika mapigano hayo nyuki wa mizinga iliyotundikwa mitini, wakiwa wameghadhibishwa na risasi, wakawashambulia askari. Walioshindwa walirudishwa hapa Mombasa melini. Waliwaacha Wajerumani na mamia ya bunduki mpya, ambazo zilikuwa neema kubwa, maana askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado wanatumia Mauser za mwaka 1871, zenye kutoa moshi mzito uliomfichua mpigaji alipo.

Nirudi kwa wanafunzi. Neno lililowashinda kuliko yote ni la kile chuma kinachosukuma na kufunga. Waingereza hawakulibuni. Walichukua neno la mlangoni, la ule mti au chuma kinachotelezeshwa ili mlango ufungike, wakalihamishia kwenye bunduki. Wajerumani walifanya vivyo hivyo kwa neno lao la kufuli. Sasa, ni nani katika Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni, asiyelijua komeo? Hapa ambapo mlango ndio cheo cha nyumba, tunashindwaje kusema komeo la bunduki? Na kabla hujaniambia kwamba nabuni mezani, wakumbuke wapiganaji wa Mau Mau baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Mafundi wao wa msituni waliunda bunduki kwa bomba la maji na komeo la mlango, komeo hasa lililong'olewa mlangoni, likivutwa kwa mpira au springi. Nyingine zilimpasukia aliyezishika, kwa sababu ile ile niliyoieleza juu: vipande havikulingana. Lakini kwa mkono wa fundi yule neno na kitu vilikuwa vimekwisha kukutana. Sisi wasomi ndio tuliochelewa kuandika.

Neno la pili ni la kisanduku kinachobeba risasi 10 chini ya Lee-Enfield. Hapa mzaha ni mkubwa zaidi. Neno la Kiingereza lilitoka kwa Waarabu, kwa maana ya ghala, likapita Italia na Ufaransa, likafika Uingereza likiwa limechoka. Ndugu yake wa mzizi mmoja tunaye nyumbani tangu zamani: hazina. Kisanduku kile si kitu ila hazina ya risasi. Mwanafunzi aliyeandika neno la Kiingereza alikuwa akikopa kwa jirani sufuria ambayo dada yake iko jikoni kwake.

Haya nayasema kwa sababu najua tunavyounda istilahi. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mji huu umezoea kuletewa maneno badala ya kuulizwa. Siurudii ugomvi ule wa Kimvita na Kiunguja, ulikwisha na faida zake tunazila. Lakini mazoea yale yalibaki. Hukaa jopo, hufunguliwa kamusi ya Kiingereza, hutafutwa kisawe cha kila kidahizo, kitabu kikachapwa, na fundi ambaye kila siku anakiita kitu hicho kwa jina lake hana habari kwamba kikao kilikuwapo. Waulize waunda vyombo: mkuku, mataruma, foromali, kalafati. Hakuna jopo lililoyatunga hayo. Ni watu waliokuwa wakiogopa chombo kisizame.

Mwenzangu mmoja idarani aliniambia kwamba kuwafundisha vijana majina ya silaha ni kuwaalika kwenye silaha, hasa katika nchi ambayo imezikwa na bunduki haramu mara nyingi. Wasiwasi wake nauheshimu. Hata hivyo, kijana wa leo amekwisha kuyajua majina ya bunduki kwa filamu, na ameyajua kwa upande wa kufyatua tu. Asichoweza ni kueleza kwa lugha yake kitu ambacho babu yake alikibeba hadi Burma, akakisafisha kila jioni, akakiogopa. Historia ya nchi hii sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Mzee anasimulia kwa Kiswahili, mjukuu anaandika insha kwa Kiingereza, na katikati kuna shimo ambalo halizibwi na azimio la mkutano wowote, hata kama Katiba ya 2010 imekipandisha Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Kwa muhula ujao nimebadilisha zoezi. Kabla ya kupewa ukurasa wa kutafsiri, kila mwanafunzi atakwenda kwa mtu mmoja anayefanya kazi ya mikono, akiwa mchonga milango, fundi wa saa, mshona matanga au mtengeneza pikipiki, na atarudi na majina ya vipande 30 kama yalivyotamkwa, pamoja na sentensi ambamo jina lilitumika. Walimu wa shule za upili waweza kulijaribu hilo kwa vipande 10, bila gharama ila nauli ya matatu. Nami nina deni moja ninaloliomba kwa wasomaji, hasa wazee waliotumikia jeshi na polisi wakati wa Lee-Enfield: mliziitaje, mlipokuwa peke yenu na mkubwa hayupo, zile sehemu mbili, ya kufunga na ya kubeba risasi? Kama kuna neno lililo bora kuliko komeo na hazina, niandikieni kupitia gazeti hili, nami nitayafuta yangu.