Hofu ya Mwenye Bunduki

Sisi wazazi Waswahili tunaolea vijana wa kiume Marekani tumechoka kuwafundisha watoto wetu namna ya kutoka dukani. Kofia ya sweta ishushe. Mikono isikae mfukoni. Risiti usiitupe mpaka ufike nyumbani. Usikimbie, hata mvua ikunyeshee. Akikusimamisha mtu mjibu kwa adabu, hata kama hana cheo chochote cha kukusimamisha. Kijana anauliza mbona mwenzake wa nyumba ya pili haambiwi hayo, na sisi tunamwambia ale, chakula kinapoa.

Masomo haya yalizidi baada ya Februari 26, 2012. Usiku huo mjini Sanford, Florida, Trayvon Martin, mtoto wa miaka 17, alikuwa anatoka dukani na pakiti ya peremende na kopo la kinywaji. Mvua ilinyesha, akajifunika kofia ya sweta. George Zimmerman, sungusungu wa kujitolea wa mtaa ule, alimtilia shaka, akawapigia polisi simu. Akashuka garini kumfuata. Aliyepokea simu akamwambia hakuna haja. Muda si mrefu wakakabana, na Trayvon akafa kwa risasi moja ya kifuani.

Zimmerman alikuwa na majeraha puani na kichwani, akasema alijitetea. Ulipita mwezi na nusu, na maandamano nchi nzima, ndipo akashtakiwa. Julai 13, 2013, jopo la mahakama la wanawake sita likamwachia huru.

Wanasheria wametueleza, na tumewaelewa. Tangu 2005, sheria ya Florida haimtaki mtu akimbie kwanza: akiwa mahali anaporuhusiwa kuwa, na akihofia maisha yake kwa sababu inayoeleweka, anaweza kuua. Mawakili wa Zimmerman walishikilia kujitetea kwa kawaida tu, lakini maelekezo ambayo jopo lilipewa yalisema vilevile kwamba hakulazimika kurudi nyuma. Tena waendesha mashtaka ndio waliotakiwa kuthibitisha pasipo shaka ya maana kwamba hakujitetea. Na mtu wa pili ambaye angeeleza ugomvi ulianzaje amezikwa.

Lakini Trayvon naye alikuwa mahali anaporuhusiwa kuwa. Alikuwa anarudi kwenye nyumba alikofikia na baba yake. Rafiki aliyekuwa akiongea naye kwenye simu aliieleza mahakama kwamba alilalamika kuna mtu anamfuata. Mtoto anafuatwa gizani na mtu mzima asiyemjua, mwenye bastola: kama hiyo si sababu inayoeleweka ya kuogopa, basi tuelezwe ipi ndiyo. Hofu iliyopimwa mahakamani ni ya aliyebaki hai.

Na rangi? Jaji aliwaruhusu waendesha mashtaka waseme katika hotuba ya ufunguzi kwamba kijana alishukiwa kwa alivyoonekana. Kusema alishukiwa kwa rangi yake, aliwakataza. Sisi tunaosimamishwa kila siku hatuna namna ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Tukaandamana, tukatia saini, wenye uraia wakapiga kura, tukiomba sheria ile iangaliwe upya. Mwaka 2017 Florida iliiangalia upya kweli. Anayedai kinga ya kujitetea kabla ya kesi kuanza hana tena mzigo wa kuthibitisha. Umehamia kwa waendesha mashtaka. Yaani sasa kuachiwa ni rahisi zaidi.