Wino Haukai Ulipowekwa
Hina ya bibi harusi wa Garsen, Tana River, hufutika baada ya wiki mbili tatu kwa sababu hukolea kwenye ngozi ya juu, inayobambuka kila siku. Wino wa tatoo huingia chini zaidi, ukamezwa na seli za kinga. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa huachia wino, nyingine zikaudaka. Chembe za wino zikisogea, mistari hunenepa na tundu la herufi "e" huziba. Tatoo ikififia, wengi humlaumu fundi kwa wino hafifu. Pengine ni kweli, lakini hata wino bora huvunjwa na jua, na jua la Tana River ni kali mno. Anayetaka jina mkononi achorwe herufi kubwa, zilizoachana, panapofunikwa na nguo.