Biashara ya Silaha Lazima Iwe na Mlango

LIPO swali ambalo huzuka kila zinapozungumzwa sheria za silaha. Je, mtu anayeuza bunduki mara moja moja, kando ya kazi yake nyingine, bila ya duka wala kibao, naye alazimike kuwa na leseni kama mfanyabiashara mkubwa? Wapo wanaoona kwamba kumbana mtu huyo ni kumwonea mnyonge. Sisi tunaona kinyume chake, na ushahidi wetu tunautoa katika njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuendelea hadi Ujiji.

Katika njia hiyo bunduki haikusafiri peke yake. Ilikwenda pamoja na nguo, ushanga na nyaya za shaba katika mizigo ya wapagazi. Tajiri wa msafara alijulikana kuwa ni mfanyabiashara wa pembe. Bunduki na baruti zilikuwa bidhaa zake za pembeni. Alizibadilisha kwa pembe na kwa watumwa, au alizitoa kuwa hongo kwa mtemi ili apewe njia. Duka lake lilikuwa ni kambi ya usiku mmoja. Kulipopambazuka kambi ilivunjwa, bunduki ikabaki, na muuzaji hakuwapo tena wa kuulizwa.

Sisi wa visiwani hatuna budi kukiri kwamba sehemu kubwa ya mzigo ule ilipitia kwetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwapo Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu, ambazo majeshi ya Ulaya yalizitupa yalipopata mpya. Ni kweli kwamba viwanda havikuwa vyetu. Lakini mikopo ya misafara ilitolewa hapa, na mizigo ilifungwa hapa.

Matokeo yake yalionekana Tabora. Mwaka 1871 vilizuka vita baina ya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Bunduki za pande zote mbili zilikuwa zimetoka pwani. Mfanyabiashara aliyeuza silaha ili apate pembe alijikuta hawezi tena kuzipitisha pembe hizo. Na Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani ndani ya ngome yake, aliilipua baruti aliyokuwa ameiweka akiba. Hatumlaumu Isike kwa kuilinda nchi yake. Historia imempa heshima anayostahili. Tunalosema ni kwamba silaha iliyouzwa bila ya kuandikwa hakuna ajuaye itamwangukia nani.

Mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels tarehe 2 Julai 1890. Tunajua kwamba mabeberu walikuwa na shabaha yao, nayo ni kumnyang'anya Mwafrika silaha kabla ya kumnyang'anya ardhi. Hata hivyo utaratibu wenyewe unafaa kutazamwa. Silaha ziwekwe katika ghala la umma. Asitoe mtu bila ya kibali. Na aliyeruhusiwa kuziuza apeleke serikalini, kila miezi sita, orodha ya alizouza, zilikokwenda na zilizobaki. Utaratibu huo haukuuliza kama muuzaji ana duka, bali kama ana hesabu.

Leo misafara haipo, lakini muuzaji asiye na mlango bado yupo. Yupo mhunzi wa kijijini katika misitu ya miombo, ambaye mchana hufua majembe na usiku hutengeneza gobole kwa ajili ya mwindaji. Yupo pia dalali, ambaye hana bunduki hata moja mkononi, ila anamjua mwenye nayo na anayeitaka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha ziliangukia katika mikono mibaya na wizi wa mifugo ukashamiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Unyamwezi na Usukuma ilibidi waunde Sungusungu na kujilinda kwa pinde na mishale.

Sheria tunayo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inakataza kutengeneza au kuuza silaha bila ya leseni. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama ziwasajili hata madalali. Na Marekani, nchi inayosifika kwa wingi wa bunduki, inamtaka kila afanyaye biashara hiyo awe na leseni, tangu sheria yake ya mwaka 1968. Anaweza kuuzia nyumbani kwake, lakini nyumba hiyo iandikwe katika leseni, awe na daftari, na wakaguzi waweze kubisha hodi.

Basi msimamo wetu ni huu. Duka si lazima, lakini mlango ni lazima: mahali panapojulikana, ghala madhubuti na daftari. Wakuu wanaohusika wasitosheke na kutia saini karatasi ofisini, waende wakahesabu. Vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari ni jambo jema, lakini mhunzi aliyesalimisha gobole asaidiwe kuishi kwa jembe na shoka, la sivyo atarejea kwenye kazi yake ya usiku. Na sisi wa visiwani tuzilinde bandari bubu zetu, kwani mzigo uliopita hapa zamani unaweza kupita tena.

Chuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba deni huandikwa na kushuhudiwa. Ikiwa mkopo wa fedha unahitaji kalamu na mashahidi, seuze bunduki? Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ila bunduki ikipotea, habari zake huja baadaye, nazo huwa ni za msiba.