Na anayebaki je?

Hivi jamani, mwalimu anayebaki yeye hana moyo? Nauliza kwa sababu kazi imenipeleka kwenye shule za kimataifa kadhaa hapa Dar, na mchezo ni ule ule. Agosti mwalimu mpya kutoka Uingereza au Kanada anapokelewa uwanja wa ndege, anakuta friji limejaa, anapelekwa Kariakoo kununua vitenge, anafundishwa kusema shikamoo (anawaamkia hadi watoto wa chekechea!). Safi, sina ugomvi na hilo. Mkataba mara nyingi ni miaka miwili. Ukiisha, Juni ni keki, hotuba, machozi na picha ya Tingatinga.

Sasa yule mwalimu msaidizi, Mtanzania, mwenye miaka kumi na tano kwenye darasa lile lile? Ndiye aliyemwonyesha mgeni kila kitu. Ndiye anayebaki na watoto wanaouliza mwalimu wetu kaenda wapi. Agosti anaanza upya na mgeni mwingine. Wa kumuuliza naye anajisikiaje, hakuna. Mmoja alistaafu nikiwepo: soda na biskuti kwenye chumba cha walimu, dakika ishirini, watu wakarudi kazini.

Wala si jambo geni kwenye shule hizi. Mwanasaikolojia Douglas Ota aliliandikia kitabu kizima, Safe Passage, mwaka 2014: wanaofika, wanaoondoka na wanaobaki, wote wahudumiwe. Wakubwa wameishia kwa hao wawili wa kwanza.

Juni ijayo mpeni kipaza sauti anayebaki, azungumze kabla ya mkuu wa shule.